Ng'ombe za Nyumba Kumi na Tano

Sikuchaguliwa kwa sababu ninajua kusema. Nilichaguliwa kwa sababu muzee wa Kalengera, aliyekuwa musemaji wetu tangu mwanzo, alishikwa na jino wiki ile ile ya sherehe, shavu likavimba kama mutu aliyeficha kiazi mudomoni ili asigawie wengine. Dada yangu mukubwa, mama wa kijana aliyekuwa anataka kuoa, alifika saluni kwangu hapa Murara, mujini Goma, akakaa kwenye kiti cha wateja kana kwamba ninamunyoa, akanitazama ndani ya kioo.

"Mudogo wangu, utatusemea."

"Yaya, mimi?" Yaya kwetu ni dada mukubwa.

"Wewe ni kinyozi. Unasemaka siku muzima."

"Wateja ndio wanasemaka. Mimi ninasema 'eeh' na 'inamisha kichwa'."

"Ni vile tu. Utafika pale, utasema 'eeh', utainamisha kichwa, tutapewa mutoto wa watu."

Nilimukumbusha kwamba upande wa mama si upande wa kusema. Kazi ya mujomba ni kula na kusikiliza, na hiyo kazi ninaiweza. Lakini kwa upande wa baba wa kijana, wazee walikuwa wamebaki watatu: wa jino, mwingine asiyesikia, ambaye angejibu swali la mwaka jana, na mwingine yuko Vitshumbi na samaki zake, aliyesema atakuja "kama gari itapatikana". Kwetu hiyo ni namna ya adabu ya kusema hapana. Sitaki kumuonea: labda kweli alitafuta gari. Lakini hakuja.

Kwa asiyejua harusi zetu, sisi familia za Rutshuru na Masisi, inabidi nieleze kidogo. Mambo ya kweli yanamalizika kwanza, ndani ya nyumba, mulango umefungwa, bila hema wala kipaza sauti. Yetu yalikuwa yamekwisha mwezi uliopita, watu wameridhika pande zote. Siku ya hema ni muchezo. Wenye nyumba wanajifanya hawatujui. Sisi tunajifanya tumepotea njia. Wanauliza tumefuata nini, tunasema tumefuata harufu ya kasiksi, pombe yetu ya ndizi. Wanasema musichana hayupo, alikwenda kuchota maji mwaka jana na hajarudi. Kisha wanaomba ng'ombe nyingi za ajabu, na sisi tunajibu: ziko njiani, zinakunywa maji. Hakuna anayeuliza ni ng'ombe gani wala ni maji gani. Hata mutoto mudogo anaujua utaratibu huo.

Lakini muchezo huu una adhabu ya kweli. Musemaji akishindwa vibaya, au akileta ujuvi, wenye musichana wana haki ya kusema: rudini siku ingine. Na musemaji wao, mudogo wa baba wa musichana, alikuwa anapenda sana kuitumia hiyo haki. Ni mwalimu wa matematiki aliyestaafu. Jirani yangu mumoja alirudishwa naye mwaka jana, na ng'ambo ile ya hema hata chakula walikuwa wameshapakua. Watu wa jirani walirudi nyumbani na njaa na aibu, na nafikiri njaa ndiyo iliwauma zaidi.

Sisi hatukuwa na siku ingine. Kijana wetu alikuwa amekwisha kupoteza tarehe mbili za ndoa: ya kwanza ilikufa na vita, ya pili ikaangukia matanga. Ya tatu ilikuwa Jumamosi ya mwisho kabla ya Kwaresima, na padri alisema wazi kwamba ndani ya Kwaresima hafungishi ndoa ya mutu, hata alie. Sherehe ya kuomba ikishindikana, ndoa inaruka mpaka baada ya Pasaka, na hapa kwetu nani anajua kutakuwa nini baada ya Pasaka.

"Noko," kijana akaniambia, maana ndivyo wanavyoita mujomba hapa, "wakiturudisha safari hii nitaoa nikiwa na mvi."

Nikamutazama kichwa, kama kazi yangu inavyonifundisha. Zilikuwa zimeanza. Sikumwambia.

Yeye ndiye aliyeleta ile namba. Kila mutu alikuwa anajua kwamba Mwalimu ana swali lake la ng'ombe: anataja idadi ya nyumba za ukoo wake, anataka kundi linalogawanyika kwa nyumba hizo zote, na anataka uhangaike mbele ya watu. Kila mara anabadilisha idadi ya nyumba, kufuatana na musichana anayetoka. Musichana wetu alimunong'oneza kijana kwenye simu: safari hii nyumba ni kumi na tano. Kijana akatafuta ndani ya simu, akaniletea jibu limeandikwa nyuma ya kiganja: 360 360.

"Ukisikia kumi na tano, unasema hii. Basi."

"Na wakiniuliza nimejuaje?"

"Noko, nani anaulizaka kinyozi amejuaje?"

Alikuwa na haki. Lakini mimi nina ugonjwa mumoja: siwezi kuapa juu ya kitu ambacho sijakigusa. Nilisoma mpaka mwaka wa pili wa sekondari, na kama sikuendelea si kosa la walimu wangu. Wao walijitahidi, mimi nilikuwa ninatazama dirisha. Kwa hiyo sikujua kama namba ile ni ya kweli au kama simu imemudanganya mutoto. Nikaamua kuikagua. Saluni yangu haina ubao, ila ina kioo kikubwa na kipande cha sabuni.

Mwanzoni nilifikiri ni rahisi. Kundi linapaswa kugawanyika kwa mbili, kwa tatu, kwa nne, hivyo mpaka kumi na tano. Basi nazidisha zote pamoja, moja baada ya ingine. Nilipofika kumi na moja namba ilikuwa imegusa fremu, na wateja hawakuweza kuona masikio yao. Ilikuwa namba ndefu kupita kiasi, ng'ombe nyingi kuliko majani ya Masisi yote. Kwenye kiti kulikuwa na kijana wa pikipiki, nimemaliza upande wake wa kushoto.

"Papa, kichwa changu kiko nusu."

"Ngoja nimalize kumi na mbili."

"Nikitoka hivi abiria watapanda?"

"Watapanda. Watafikiri ni mutindo."

Alivumilia kidogo, akitazama mahesabu yangu kati ya povu, halafu akasema kitu ambacho lazima nikiandike kuwa ni chake, si changu.

"Mbona yule mbili unamwita mara nyingi? Mutu akimwalika nane, nne na mbili si wamekuja ndani ya gari yake?"

Nikasimama na wembe mukononi. Ndivyo ilivyo. Kundi linalogawanyika kwa nane linagawanyika kwa nne na kwa mbili, utake usitake. Linalogawanyika kwa tisa, tatu amekaa ndani yake. Nikafuta kioo chote nikaanza kualika upya, wale tu wasiopata lifti. Nane. Tisa. Nane mara tisa ni sabini na mbili. Mwite tano: mia tatu sitini. Mwite saba: elfu mbili mia tano na ishirini. Hapo tayari umetosheleza nyumba zote kutoka moja mpaka kumi. Sita na kumi wamepita bila kulipa. Mwite kumi na moja: elfu ishirini na saba, mia saba na ishirini. Kumi na mbili? Amekwisha kuwa ndani, alipanda na tisa na nane. Mwite kumi na tatu, na kioo kikasema: 360 360. Kumi na nne na kumi na tano walifika wameshiba, mumoja alikula kwa mbili na saba, mwingine kwa tatu na tano.

Kijana wa simu hakudanganywa. Nilifurahi kama ng'ombe zenyewe zingekuwa zangu.

Nilivyozidi kuitazama ndivyo nilivyozidi kuona kwamba namba hii ni familia. Kumi na nne na kumi na tano ni wageni wazuri, wanakuja na hawaongezi kitu. Lakini kumi na moja na kumi na tatu hawakai kwenye kiti cha mutu. Kila mumoja anadai kiti chake mwenyewe, na huyo kumi na tatu peke yake alizidisha kundi lote mara kumi na tatu. Nina jamaa kama hao. Sitawataja, wananyoa kwangu.

Tena inajisema mara mbili: mia tatu sitini, mia tatu sitini. Nikagundua, au tuseme niliangukia, kwamba namba yoyote ya tarakimu tatu ukiisema mara mbili hivyo, umeizidisha kwa elfu moja na moja. Na elfu moja na moja ni saba mara kumi na moja mara kumi na tatu. Nikamujaribu mutu wa pikipiki.

"Taja namba ya tarakimu tatu."

"Mia mbili arobaini na nane."

Nikaandika 248 248, nikagawanya kwa saba, ikaisha. Kwa kumi na moja, ikaisha. Kwa kumi na tatu, ikaisha, hakuna hata mukia wa ng'ombe uliobaki.

"Na inasaidia nini?" akauliza.

"Haisaidii kitu."

Akafikiri. "Ni nzuri," akasema. "Sasa maliza kichwa."

Wiki ile nzima niligawanya. Padri alituhubiria siku moja kwamba Mungu anajua hesabu ya nywele zetu zote. Mimi nimekuwa ninaivuruga hesabu hiyo kila siku kwa miaka mingi na hakuna aliyeniita. Lakini sikuwahi kuwaza hesabu mpaka namba hii iliponiingia. Nilikuwa ninaona kundi lile barabarani. Ng'ombe mia tatu sitini elfu! Zingejaza barabara toka hapa mpaka Kalengera na kupita. Zingekunywa maji ya ziwa mpaka pirogi za wavuvi zikae kwenye matope. Na mavi? Hakuna anayefikiri mavi ya mahari. Goma imekwisha kufunikwa na volkano, ingefunikwa tena, na safari hii tusingepata hata mawe ya kujengea.

Siku ilifika. Nilivaa koti la kukodi, lenye jasho la mutu mwingine. Walinipa fimbo ya kushika. Ua wa kwao ulikuwa umejaa, hema mbili zikitazamana, sisi huku, wao kule, kati yetu uwanja wa mawe meusi uliotandikwa nyasi mbichi. Mulango wa nyumba ulikuwa upande wao, na mbele ya mulango alikaa shangazi ya musichana, mama munene mwenye kitambaa cha njano, amepanua magoti kama mutu aliyeambiwa asimupishe hata waziri.

Mwanzo niliuweza. Nilisalimia, nikasema tumepotea, nikasema tumefuata harufu. Wakacheka pale panapochekwa. Nilisema "eeh". Niliinamisha kichwa. Nyuma yangu nilimusikia dada yangu akipumua vizuri.

Halafu Mwalimu akasimama. Mutu mwembamba, miwani, sauti ya kusikika darasa zima bila kipaza. Lazima niseme ukweli: alipendeza. Mutu anayefanya kitu anachokipenda anapendeza hata kama ni adui yako.

"Wageni wetu, sisi hatuna tamaa," akaanza, na watu wakacheka, maana mutu akianza hivyo shika mufuko wako. "Tunaomba ng'ombe chache tu. Lakini mutoto huyu ni wa nyumba nyingi. Nyumba moja ikichukua kundi lote, vizuri. Zikigawana nyumba mbili sawa kwa sawa, asibaki ng'ombe hata mumoja. Zikiwa tatu, vilevile. Zikiwa nne, vilevile. Hivyo hivyo mpaka zikiwa nyumba zetu zote kumi na tano. Hatutaki kisu. Hatutaki mutu arudi nyumbani na miguu ya mbele tu. Sasa, kwa sababu hatuna tamaa, tunataka kundi dogo kabisa la namna hiyo. Mutuambie, wageni, kundi hilo lina ng'ombe..."

"Mia tatu sitini elfu na mia tatu sitini," nikasema.

Hakuwa amemaliza. Neno "ngapi" lilikuwa bado mudomoni mwake, nililiona.

Sijui kuelezea kimya kile. Kwenye saluni ukimukata mutu sikio unapata kimya kama kile, kabla ya kelele. Niligeuka kumutafuta kijana wetu, nikidhani nitakuta meno, nikakuta uso wa mutu anayeona gari lake linateremka bila dereva. Hapo ndipo nilielewa. Tulijua jibu, lakini tulikuwa tumesahau muchezo. Mugeni anapaswa kuhangaika. Anapaswa kukuna kichwa, kuomba kuketi, kuwauliza wazee wake, kutoa jibu la uongo, kuchekwa. Akilijibu swali kwa pumzi moja ni kama mutu aliyemaliza chakula kabla mwenye nyumba hajanawa. Anawaambia: mutoto wenu hakutupa shida.

Shangazi ndiye aliyevunja kimya.

"Eh! Mutoto wetu ameisha na neno moja? Hata mbuzi wanabishaniwa!"

"Hata kuku!" mutu akaitikia huko nyuma.

Wazee wao wakaanza kuinamiana. Niliona maneno yakipita kiti kwa kiti, na sikuhitaji kuyasikia: siku ingine, siku ingine. Dada yangu alinipiga teke la kiti toka nyuma, si kwa kunisaidia, ni kwa hasira tu.

Mwalimu alivua miwani. "Uliambiwa," akasema.

Hapa musemaji wa kweli angeapa kwamba hapana. Mimi nikasema, "Eeh, Mwalimu. Niliambiwa."

Teke la pili.

"Lakini nilikagua," nikaongeza.

"Ulikagua wapi?"

"Kwenye kioo."

Watu wawili watatu wakacheka. Yeye hakucheka, ila alirudisha miwani, na nikaona kitu kidogo machoni pake, kama mutu aliyesikia lugha ya kwao katika soko la mbali. "Basi tugawie hapa," akasema. "Mbele ya hizo nyumba. Mimi ninasikiliza."

Nikasimama na fimbo yangu. Nilieleza kwamba namba inajisema mara mbili, kwa hiyo ni mia tatu sitini mara elfu moja na moja. Akaitikia kwa kichwa. Nilisema mia tatu sitini inatosheleza wale wadogo, wa nane, wa tisa, wa tano na wote wanaopanda nao. Akaitikia. "Zinabaki nyumba tatu ngumu," nikasema, "saba, kumi na moja, kumi na tatu, na hizo tunazilisha kwa elfu moja na moja."

"Saba?"

"Mia moja arobaini na tatu."

"Kumi na moja?"

"Tisini na moja."

"Kumi na tatu?"

Nilikuwa ninalijua. Nililigawanya wiki nzima, mpaka sabuni ikaisha. Na mudomo wangu ukasema, "Sabini na nane."

Mwalimu akafumba macho, kama mutu anayeonja kitu. "Ngapi?"

"Sabini na nane," nikarudia kwa nguvu, maana nilipokosea ndipo nilipojiamini.

"Sabini na nane mara kumi na tatu!" akapaza sauti. "Ni elfu moja na kumi na nne! Papa kinyozi, wewe ulitoka kwenu na ng'ombe elfu moja na moja. Hizi kumi na tatu zingine umezitoa wapi?"

"Za jirani!" shangazi akapiga kelele. "Ametuletea ng'ombe za wizi!"

Hema zote mbili nusura zianguke kwa kicheko. Sisemi kwa mafumbo. Kamba moja ilichomoka kweli, kijana mumoja akaishika. Watu walikuwa wanapigana mabega. Wazee waliokuwa wanainamiana waliinuka wakipangusa machozi. "Kinyozi amenyoa hesabu!" "Amekata panapouma!" Hata yule muzee wetu asiyesikia alicheka, akauliza baadaye kuna nini.

Nikainamisha kichwa, safari hii bila kuigiza. "Nimekosa," nikasema. "Ni sabini na saba."

"Faini!" wakasema. Wakadai kaziye, kreti nzima ya bia, kwa ajili ya ng'ombe za wizi, tukakubali haraka sana, na ubaridi wote ukaondoka ua ule. Mutoto wao hakuwa ameisha na neno moja tena. Alikuwa amemushinda musemaji wetu mbele ya watu wote.

Tangu siku ile watu wananisifu. Wanasema nilifanya makusudi, kwamba niliona mambo yameharibika nikajitoa kama sadaka. Kijana wetu mwenyewe aliniambia, "Noko, uliwachezea vizuri." Ningependa kukubali. Wateja wameongezeka. Lakini si kweli. Nilikosea kwa sababu ya woga na koti la mutu, na kama Mwalimu asingenisahihisha ningeapa kwa sabini na nane mpaka leo.

Katika kelele zile Mwalimu alivuka uwanja kuja kunipa mukono, kama utaratibu unavyotaka, akaniinamia sikioni.

"Ulinikata," akasema polepole. "Nilikuwa na swali la pili. Zuri zaidi. Nililitayarisha mwezi muzima."

"Nisamehe, Mwalimu."

"Hapana. Nitakuja kunyoa."

Nilidhani tumemaliza. Wasichana walikuwa wamekwisha kuanza kuimba ndani, Mwalimu akatoa ishara mulango ufunguliwe. Shangazi hakutikisika.

"Na mimi?" akasema.

Sauti yake haikuwa ya muchezo, au ilikuwa ya muchezo nusu tu.

"Nyumba kumi na tano ni za wanaume," akasema. "Nimezihesabu pamoja nanyi, baba huyu, baba yule, hata yule ambaye hajawahi kumununulia mutoto huyu kandambili. Mimi nilimulea toka jino la kwanza. Mimi ni nyumba gani?"

Wanaume wa upande wao waligundua ghafla kwamba viatu vyao ni vizuri kutazamwa. Nami nitasema wazi: alikuwa na haki kuliko wote tuliokuwa pale, na hakuna aliyekuwa amemuhesabu, hata sisi.

"Dada," Mwalimu akasema, na safari hii yeye ndiye aliyekuna kichwa, "kumi na sita inavuruga. Kundi lina nane ndani yake, halina kumi na sita. Kila nyumba itapata nusu ng'ombe mukononi. Itabidi kuzidisha kundi lote mara mbili."

"Zidisheni! Ni ng'ombe zako?"

"Ni hesabu, dada."

"Basi mutoto atoke kwa hesabu. Kwa mulango huu hapiti."

Na magoti yake yakapanuka zaidi. Ndani nyimbo zilikatika moja moja. Kijana wetu alikuwa amesimama bila kuambiwa asimame.

Wote walinigeukia mimi. Jibu nilikuwa nalo kwenye ulimi, tamu kama muwa: mia saba ishirini elfu na mia saba ishirini. Nayo inajisema mara mbili. Nikamutazama Mwalimu, naye akanitazama, na nilijua kwamba analo vilevile na kwamba anaomba nisilitoe. Sikulitoa. Nilipiga hatua mpaka katikati ya nyasi, nikaweka fimbo chini, nikasema na shangazi peke yake.

"Mama, za nyumba yako ndizo zilitangulia. Ziko hapo chini ziwani, zinakunywa maji. Zikishiba zitapanda."

"Ni ngapi?"

"Sikuzihesabu, mama. Zilikuwa zinasukumana."

Alinikagua toka koti mpaka viatu. Sijui aliona nini. Pengine mutu aliyechekwa vya kutosha kwa siku moja. Kisha akakunja magoti yake, akasimama, akasema kwa sauti ya kusikika hema zote mbili, "Mumemusikia. Zangu ndizo zilitangulia." Akafungua mulango kwa mukono wake mwenyewe, na vigelegele vikapanda.

Wanasema musichana alitoka vizuri sana. Wanasema alivaa mushanana wa rangi ya zabibu, kwamba alikuwa anacheka na kulia pamoja, kwamba shangazi alimushika mukono mpaka katikati ya uwanja na hakutaka kumuachia. Siwezi kushuhudia. Nilikuwa nimekaza macho kwenye nguzo ya hema, ninagawanya lile kundi lililozidishwa mara mbili kwa kumi na sita, kwa sababu sikutaka mama yule awe ameahidiwa uongo. Nilipofika elfu arobaini na tano na arobaini na tano, bila kubaki kitu, nikainua kichwa. Musichana alikuwa amekwisha kukaa karibu na kijana wetu, anamupangusa jasho kwa kitambaa cha njano cha shangazi yake.